Binti, Baba na Karatasi za Deni: Vance Jeffords Ndiye Mfugaji Halisi

Ukiwauliza wapenzi wa filamu za kauboi wakutajie mwanamke mwenye ranchi, wengi watamtaja Jessica Drummond wa Forty Guns, filamu ya Samuel Fuller ya mwaka 1957. Wana sababu. Mwanzo wa filamu ile haufutiki kichwani: mwanamke aliyevaa nguo nyeusi yuko juu ya farasi mweupe, nyuma yake wanaume 40 juu ya farasi wao, wanalipita gari la akina Bonnell, ndugu wanaoelekea mjini, kwa kishindo na kuliacha ndani ya vumbi. Hakuna aliyetamka neno bado, na tayari unajua nani anatawala eneo lile.

Mimi namtaja mwingine. Namtaja Vance Jeffords wa The Furies, filamu ya Anthony Mann iliyotoka mwaka 1950, miaka saba kabla ya ile ya Fuller. Mwigizaji ni yuleyule, Barbara Stanwyck. Tofauti ni kwamba Jessica tunakabidhiwa akiwa na nguvu zake tayari, kama mtu anavyokabidhiwa mzigo uliofungwa. Vance tunamwona akizitafuta nguvu, akinyang'anywa, kisha akizinunua tena kidogo kidogo. Na silaha yake kubwa si bastola wala mjeledi. Ni kujua hesabu za ng'ombe, za nyasi na za madeni. Nimeona filamu nyingi za Wamarekani kuhusu ranchi, na chache sana zimejali kutuonyesha kuwa ranchi ni biashara. The Furies imejali, na imempa mwanamke elimu ya biashara hiyo.

Kisa kinatokea New Mexico katika miaka ya 1870, wakati eneo hilo bado halijawa jimbo. The Furies ni jina la ranchi yenyewe, jina la miungu wa kike wa kisasi wa Wagiriki wa kale. Mwenye ranchi ni T.C. Jeffords, mjane, mzee wa sauti kubwa, mtu anayeamini kwamba dunia iliumbwa ili yeye aizungushie ua. Walter Huston ndiye aliyemwigiza, na ilikuwa kazi yake ya mwisho. Alifariki Aprili 1950, filamu ikatoka Agosti. T.C. ana watoto wawili. Clay, wa kiume, ni mpole na hana hamu na ranchi. Vance ndiye aliyerithi damu ya baba. Anamkuna mgongo baba yake, anagombana naye, anacheka naye, na anamsomea tabia yake kama mchungaji anavyosoma mawingu. Ahadi iko wazi: ranchi itakuwa ya Vance.

Hapo ndipo akili ya filamu inapoanza kuonekana, maana haituachi tudhani kuwa ahadi ya mzazi ni hati. Vance anaendesha ranchi, lakini hana karatasi hata moja yenye jina lake. Anafanya kazi ya meneja kwa malipo ya upendo wa baba, na upendo wa baba una mwenyewe.

Kuna jambo la fedha ambalo lazima nilieleze, kwa sababu bila hilo filamu inabaki ugomvi wa kifamilia tu. T.C. hana fedha taslimu. Ana ardhi isiyopimika kwa macho, ana ng'ombe maelfu, lakini mfukoni hana kitu, na ranchi ina rehani kwa benki ya San Francisco. Anacholipia watu ni karatasi anazochapisha mwenyewe, na watu wanaziita kwa jina lake, T.C. Muuza duka anapewa T.C., mchunga ng'ombe anapewa T.C., muuza pombe anapewa T.C. Karatasi hizo ni ahadi ya kulipa, na zinapita mkono kwa mkono kama noti, kwa kuwa kila mtu anaamini kuwa mzee hawezi kuanguka.

Waandishi hawakubuni kitu cha ajabu. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekani ilikuwa na mamia ya benki ndogo zilizotoa noti zao, na noti ya benki ya mbali ilipokelewa kwa thamani pungufu kwa sababu hakuna aliyejua kama mwenyewe atalipa. Bunge liliziua noti hizo kwa sheria ya 1865 iliyozitoza kodi ya asilimia 10. Lakini migodi, viwanda vya mbao na matajiri wa nchi za mbali na reli waliendelea kuwalipa watu kwa vipande vya karatasi. T.C. anafanya hivyohivyo, na ufalme wake umesimama juu ya imani ya wauza duka. Kumbuka hilo, kwa sababu binti yake atalikumbuka.

Kinachovunja nyumba ni wanaume wawili na mwanamke mmoja. Mwanamume wa kwanza ni Rip Darrow, mcheza kamari, ambaye baba yake aliuawa na T.C. na kipande cha ardhi yao kikamezwa na The Furies. Vance anampenda. T.C. alikuwa ameahidi dola 50,000 kama mali ya kumsindikiza binti atakapoolewa na mtu anayemkubali yeye. Msomaji aliyekulia kwenye desturi ya mahari aigeuze picha hapa: huko mali inatoka kwa baba wa binti kwenda kwa mkwe. T.C. anamwekea Rip fedha hizo mezani, achukue dola au achukue binti mikono mitupu. Rip anachukua dola na kufungua benki. Ni tukio la kuumiza, na Stanwyck analicheza kwa uso unaojikaza ili usidondoke.

Mwanamume wa pili ni Juan Herrera, rafiki wa Vance tangu utotoni, aliyeigizwa na Gilbert Roland. Familia yake inaishi juu ya mwamba ndani ya mipaka ya ranchi. T.C. anawaita wavamizi. Wao walikuwa pale kabla yake. Nitarudi kwao, kwa sababu ndio walionifanya niandike makala hii.

Halafu anakuja Flo Burnett, mwanamke wa mjini, mwenye adabu na mipango, anayetaka kuolewa na mzee. Anaingia katika chumba cha marehemu mama yake Vance, chumba ambacho hakijaguswa tangu kifo. Anakaa kwenye kioo cha mama na kueleza kwa sauti tamu jinsi mambo yatakavyokuwa: Vance asafiri Ulaya, apumzike, mzigo wa ranchi awaachie wengine. Mkono wa Vance unagusa mkasi wa mama yake. Anaurusha. Unampata Flo usoni na kumharibu sura maisha yake yote.

Wachambuzi wengi hulisoma tukio hilo kwa jicho la saikolojia ya baba na binti, wivu wa mtoto kwa mama wa kambo. Sikatai kwamba wivu upo. Mann mwenyewe alikuwa akiipenda sana hadithi ya Mfalme Lear, tamthilia ya Shakespeare ya mfalme mzee na mabinti zake, na alitamani kuigeuza kuwa filamu ya kauboi. Ila nikiitazama, naona mfanyakazi anayeachishwa kazi. Ameifanya kazi hiyo ujana wake wote, anajua kila bonde na kila kisima, na leo anaambiwa na mgeni kwamba atapewa nauli. Hana mkataba wala hisa, na hakuna mahakama atakayoiendea. Tendo lake ni baya na filamu hailipambi. Baadaye, T.C. akiwa anazama na kumwomba Flo amkopeshe fedha, Flo anamkatalia kwa utulivu: kwa sura aliyobaki nayo, fedha ndiyo kinga pekee aliyonayo dhidi ya upweke. Filamu nyingine ingemfanya Flo kuwa shetani. Mann anampa haki yake ya kukataa, na anaiacha imwangukie Vance kama deni jingine.

Wapo wanaosema mwanamke wa namna hii ni ndoto ya Hollywood, kwamba katika nchi ile ya kweli wanawake walikaa jikoni. Historia inasema vingine. Chukua mfano wa Lizzie Johnson wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1840. Alikuwa mwalimu. Jioni alishika vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wa ng'ombe, na humo ndimo alimojifunza nani anapata faida, wapi, na kwa nini. Mwaka 1871 akasajili chapa yake mwenyewe. Alipoolewa mwaka 1879 na Hezekiah Williams, waliandikiana kabla ya ndoa kwamba mali yake itabaki yake, na faida atakayoipata baadaye pia itakuwa yake. Aliswaga kundi lake kwenda kaskazini kwa njia ya Chisholm, mume na kundi lake, mke na kundi lake. Alifariki mwaka 1924 akiwa tajiri. Mlango aliopitia kuingia katika ufugaji ulikuwa daftari.

Wengine waliingia kwa ujane. Margaret Borland, baada ya kumzika mume wa tatu, alisimamia mwenyewe ng'ombe zaidi ya 10,000, na mwaka 1873 aliongoza kundi kutoka Texas hadi Wichita huko Kansas, akiwa na watoto wake safarini. Alifia hukohuko Wichita. Henrietta King alirithi King Ranch mwaka 1885, ekari kama 500,000 pamoja na deni la dola zinazokaribia 500,000. Akisaidiwa na mkwewe alilipa deni, na alipofariki mwaka 1925 ranchi ilikuwa imepita ekari milioni moja. Na kabla ya hao wote walikuwapo wanawake wa Kihispania. Rosa María Hinojosa de Ballí, aliyefariki mwaka 1803, alikuwa ameirithi na kuipanua ardhi ya kusini mwa Texas hadi ekari zaidi ya milioni moja, kwa sababu sheria ya Kihispania ilimruhusu mke kumiliki kwa jina lake na binti kurithi pamoja na kaka zake. Sheria ya Kiingereza ndiyo iliyokuwa ikimmeza mke ndani ya mume. Hata sheria ya mwaka 1862 iliyogawa ekari 160 kwa walowezi ilimpa mwanamke asiye na mume, mjane au aliyeachika. Aliyekuwa katika ndoa hakuhesabiwa.

Stanwyck mwenyewe hakuwa mgeni wa maisha hayo. Alizaliwa Brooklyn, akafiwa na mama akiwa na miaka minne na baba akatokomea, lakini mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa mbia katika shamba la kuzalisha farasi wa mbio kaskazini mwa Los Angeles. Alipanda farasi kama mtu aliyezaliwa kwenye tandiko. Katika Forty Guns, akikaribia kutimiza miaka 50, alikubali kuburutwa na farasi mguu ukiwa umenasa kwenye kikanyagio, baada ya wataalamu wa matukio ya hatari kukataa, na akarudia mpaka Fuller aliporidhika. Nikiona jinsi Vance anavyoshuka kwenye farasi bila kuangalia chini, naamini kwamba ranchi ni yake.

Turudi kwenye kisasi, maana ndipo filamu inapokuwa kubwa. T.C. anawashambulia akina Herrera kwenye mwamba wao, kwa sababu benki inataka wavamizi waondolewe. Mama yake Juan anaporomosha mawe. Wanashindwa, wanajisalimisha, na T.C. anamtundika Juan kwa kosa la kuiba farasi. Vance anashuhudia. Anamwambia baba yake kwamba atamnyang'anya dunia yake. Mwandishi mvivu angempa bunduki na kundi la wapanda farasi. Charles Schnee, aliyeandika mswada kutokana na riwaya ya Niven Busch, anampa safari.

Vance anazunguka miji ya Magharibi na kununua karatasi za T.C. Benki zinazozishikilia zimechoka kuzisubiri zilipwe, naye anazichukua kwa bei ya kutupa. Huko San Francisco anabaini kwamba mwenye uamuzi nyumbani kwa mwenye benki ni mke, na anazungumza na mke. Hakuna mlio wa risasi katika sehemu hii yote ya filamu. Kuna kalamu, meza, chai, ngazi za mabenki, na mwanamke anayejua thamani halisi ya kila karatasi kwa kuwa alikuwapo ilipotiwa saini. Rip anamsaidia kwa benki yake, lakini ujuzi ni wa Vance.

Wakati huohuo T.C. anakusanya ng'ombe wake wote, 20,000, ili auze na kuikomboa ranchi. Mann anaipa kazi hiyo nafasi yake: vumbi, farasi, mzee anayerudi kuwa kijana kwa siku chache. Ng'ombe wanauzwa. Mnunuzi analipa. Analipa kwa karatasi za T.C. Mzee ameuza mali yake yote kwa ahadi zake mwenyewe, na sheria haimpi pa kulalamikia, kwa kuwa jina lililo kwenye karatasi ni lake.

Kisha anacheka. Anacheka kwa fahari, kwa sababu ameshindwa na mtu pekee aliyestahili kumshinda. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na sijui filamu nyingine ya kauboi ya zama zile ambamo mwanamume mkuu anashindwa kwa hesabu na kukiri kwamba aliyemshinda ni bora kuliko yeye. Victor Milner alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar kwa picha zake za weusi na weupe, na alistahili. Usiku wa filamu hii una kina kama kisima. Lakini mchana ule wa mauzo, chini ya jua lisilo na fumbo, ndio unaobaki nami.

Linganisha sasa na Forty Guns. Fuller alikusudia kwamba Griff Bonnell, mwanamume anayempenda Jessica, ampige risasi na kumuua pale kaka yake Jessica, aliye muuaji, anapomtumia kama ngao. Studio ilikataa. Katika filamu tuliyo nayo Griff anamjeruhi ili ampate kaka, na mwishoni Jessica anakimbia barabarani akilifuata gari lake. Wanaume 40 wameyeyuka, ardhi imekwenda, na malkia anakimbia kwa miguu. Kwa uchungu nasema kwamba filamu iliyoanza na mwanamke aliyetangulia wanaume 40 haikujua la kumfanyia zaidi ya kumshusha kwenye farasi.

The Furies nayo inamalizia kwa ndoa, na hapo sina la kuitetea. Vance na Rip wanapatana, na inaeleweka kwamba ardhi ya akina Darrow itarudi kwa Rip kupitia kitanda cha ndoa. Lizzie Johnson angedai maandishi kwanza. Ila hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni la akina Herrera.

Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848, uliomaliza vita kati ya Marekani na Meksiko, uliahidi kwamba mali za Wameksiko waliobaki upande wa kaskazini zitaheshimiwa. Kilichofuata New Mexico ni miongo ya mawakili, vipimo na hati zilizokataliwa. Mahakama maalumu ya madai ya ardhi haikuundwa hadi mwaka 1891, na ilitupilia mbali sehemu kubwa ya ekari zilizodaiwa. Mtu aliyezaliwa juu ya mwamba wa babu zake aliamka siku moja na kuitwa mvamizi. Na kesi ya wizi wa mifugo ilikuwa njia ya mkato. Huko Wyoming, Julai 20, 1889, mwanamke aitwaye Ellen Watson, aliyekuwa ameomba kipande chake cha ardhi kwa sheria na kuanza kundi dogo la ng'ombe, alinyongwa mtini pamoja na Jim Averell na wafugaji wakubwa waliotaka malisho yale. Walimwita mwizi wa ng'ombe, magazeti yakamchafua jina, na hakuna aliyehukumiwa. Kamba iliyomwua Juan Herrera kwenye sinema ilisokotwa katika nchi ya kweli.

Filamu inalijua hilo. Isingempa Juan heshima ile wakati wa kufa kama isingelijua, wala isingekifanya kifo chake kuwa chanzo cha kisasi chote. Lakini angalia kisasi kinapokamilika nani anapata nini. Vance anapata The Furies. Rip anapata ardhi ya baba yake. Muuza duka ameshaziuza karatasi zake. Mwamba wa akina Herrera hautajwi. Vance, aliyekimbilia kwao akiwa hana pa kulala, aliyesema angeiangusha dunia kwa ajili ya Juan, ameshika sasa hatimiliki, na haingii akilini mwake, wala mwa waandishi, kuukata mwamba ule na kuwarudishia.

Anayefunga hesabu ni mama yake Juan. Baba na binti wamepatana, T.C. anatembea barabarani akijigamba kama kawaida yake, na mama anampiga risasi. Mzee anafia pale. Vance anamsindikiza hadi nyumbani, na anapanga kumpa mtoto wake wa kiume wa kwanza jina la babu yake. Muziki wa Franz Waxman unapanda, na sisi tunatakiwa tumtazame Vance. Mimi macho yangu yanarudi kwa yule mama, aliyeingia mjini peke yake na bunduki mkononi, hana karatasi ya kununua wala ya kuuza, na huko nyuma yake mwamba wake bado uko ndani ya ua wa The Furies.